Meli Iliyogeuka, na Jibu Uliloniomba

Mwanangu Skola,

Barua za zamani zilikuwa zinaanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo kwa sababu uko nyuma ya duka hapa, nakusikia unavyoburuta mitungi na kumkatalia Mama Editha asiegemee ile mikubwa. Hofu ninayo, lakini kwa leo bado inaishi hapa hapa Kizwite. Alfajiri ndiyo itapanda basi.

Naandika mchana, juu ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Ukiona mwandiko umeruka ujue kuna mtu amekuja kujaza gesi akakuta nimeinama, akadhani nalia. Nitakupa karatasi hizi jioni tukishakula. Soma ukiwa peke yako na usisome kwa sauti, maana bibi yako akisikia atataka kuchangia, na akianza kuchangia basi lako litaondoka tukiwa bado kwenye salamu.

Jana uliniuliza swali. Tulikuwa tunafunga duka, umeshika kufuli, ukasema, "Mama, ukiniambia baki, nitabaki. Ukiniambia nenda, nitakwenda. Lakini niambie wewe, usinizungushe." Nikajifanya natafuta ufunguo. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, na wewe ulikuwa unauona, ukanyamaza tu ukaniacha nipekue mifuko ya sweta mpaka nikaona aibu mwenyewe. Asante kwa kuninyamazia. Lakini jibu unalidai bado.

Mambo ya kufua, kula, nani umsalimie na nani umkwepe, hayo siandiki. Umekua ukinifuata nyuma, umeyaona yote, na mengine umeyaona mpaka ukanicheka. Nataka nikuandikie yale niliyoyakosea, kwa sababu hilo jibu lako limekaa humo ndani.

Nianze na mtungi wa kwanza. Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alipanda kutoka shambani Mtowisa, kule bondeni, akiwa ameuza mpunga vizuri, na badala ya kitenge akaniletea mtungi mdogo wa gesi na jiko lake la juu. Nilinuna siku nzima. Wenzangu waume zao wakitoka bondeni wanawaletea vitenge, mimi naletewa chuma. Lakini nilikuwa nauza chapati na chai pale barabarani kila alfajiri, kuni zimelowa, mkaa mchafu, macho yangu mekundu mpaka padre aliwahi kuniuliza kama naonja pombe ya ulezi kabla ya misa. Nikasema haya, tujaribu chuma.

Mwezi wa tano mambo yalikuwa mazuri. Mwezi wa sita baridi ya huku kwetu ikaingia, ile ya kukuta nyasi zimekuwa nyeupe, na moto ukaanza kunifanyia vituko. Nawasha, unainuka kidogo, unasinzia. Chapati inakaa kwenye kikaango inaniangalia, na mimi naiangalia. Wateja wamesimama na vikombe, wanapuliza mikono. Nikasema wazi mbele yao: Mzee Haruna ameniuzia hewa.

Unamkumbuka Mzee Haruna, aliyekuwa na duka hili kabla yangu, enzi hizo likiwa kule Mazwi. Mtu wa Kirando, wa ziwani, mpole, kofia yake haikuwahi kukaa upande. Nilipanga nimwaibishe. Baiskeli ilikuwa haina upepo, nikaufunga mtungi mgongoni kwa kitenge cha zamani, nikavaa sweta juu yake, nikaondoka kwa hasira. Sikufika hata nusu ya njia, mama mmoja nisiyemjua akanisimamisha.

"Hongera, mwenzangu! Wa kike au wa kiume?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Wa kilo sita."

"Kilo sita!" Akashika mdomo. "Pole, mama wee. Ulizaa mwenyewe au walikupasua?"

Nikaendelea kutembea. Nikamsikia nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba ndiyo maana natembea nimekunja uso vile, jeraha halijapona.

Nikafika kwa Mzee Haruna, nikautua mtungi mbele ya watu. Nikasema yote niliyopanga kusema. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akachukua jiko, akafunga, akawasha. Skola, moto ulisimama! Wa bluu, mkubwa, unavuma. Mzee Haruna akautazama, akanitazama, akasema kwa upole, "Mama Skola, hewa hii inawaka vizuri sana."

Nikaubeba nikarudi. Kesho yake alfajiri, ukasinzia tena. Nikaufunga tena mgongoni. Kwa Mzee Haruna ukawaka tena. Siku ya tatu nilipotokea kwenye kona, nikaona watu wametoa viti nje wananisubiri. Mzee Haruna aliwasha, moto ukavuma, watu wakapiga makofi, naye akaniambia, "Shida siyo gesi, Mama Skola. Gesi yako imeshazoea mgongo. Ukiiweka chini inadeka."

Nilirudi nikilia njia nzima, na wanawake wa Mazwi wakawa wanapeana taarifa kwamba yule mwenye mtoto wa kilo sita, pengine mtoto anaumwa.

Ni wewe uliyemaliza. Ulitoka shule, hata sare hujavua, ukachuchumaa pale jikoni ukaweka kiganja kwenye mtungi. Hukuuliza nani kakosa. Uliweka mkono tu. Ukasema, "Mama, uko baridi kama jiwe la mtoni. Unalala kwenye saruji, dirisha halina kioo. Ukiubeba unapata joto lako na jua la njiani. Kwa Mzee Haruna unafika ukiwa umeamka."

Nikakugombeza. Nikakuambia gesi ni moto, moto unapataje baridi? Lakini nilipoweka mkono, mtungi ulikuwa kweli umekuwa barafu. Siku tatu nimetukana mtu mzima, mpole, mbele ya mji, na sikuwahi hata kukigusa kile kitu nilichokuwa nakigombania. Kukibeba nimekibeba, lakini kukigusa kwa nia ya kujua, hapana. Hilo ndilo kosa langu la kwanza ninalotaka ulijue, kwa sababu nimelirudia kwa watu. Nimemgombeza baba yako kwa mambo ambayo ningeuliza swali moja tu yangeisha. Wewe hiyo tabia huna, ya kupiga kelele kabla ya kugusa. Sijui utulivu huo umeutoa wapi. Kwangu siyo, na kwa bibi yako ndiyo kabisa.

Maana bibi yako aliposikia kwamba mtungi unasikia baridi, hakutaka maelezo zaidi. Mimi nilikuwa sokoni na wewe uko shule. Akauchukua, akaulaza kitandani kwake, akaufunika blanketi mbili, na kwa sababu ile shingo ya chuma ilikuwa nje, akaifunga kilemba. Kisha akaenda zake kwa jirani kupepeta ulezi.

Baba yako siku hiyo akapanda kutoka Mtowisa bila kutuarifu. Unamjua, joto la bondeni limemzoesha vibaya, akifika huku juu meno yanagonga. Akaingia, nyumba kimya. Akachungulia chumbani kwa mama yake, akaona amelala mchana, jambo ambalo bibi yako hajawahi kulifanya. Akasema, "Shikamoo mama." Kimya. Akasogea. "Shikamoo mama, ni mimi." Kimya. Akapeleka mkono pale kwenye kilemba, akagusa kitu cha baridi, kigumu.

Kelele aliyopiga haikuwa ya mwanamume. Ilisikika mpaka kisimani. Mimi nilikuta uani kumejaa, wanawake wameshafunga khanga viunoni, baba yako yuko chini anasema mama ameondoka bila kuniaga. Na bibi yako anatokea kwa jirani na ungo kichwani, anasukuma watu apite, anauliza, "Nani amekufa? Mbona sikuambiwa?"

Mpaka leo baba yako hamwamkii mama yake mpaka amwone anatembea.

Tumecheka sana kwa hilo. Lakini wewe peke yako, siku ile, ulipotoka shule ulikwenda ukautoa mtungi chumbani kabla hata ya kucheka, ukafungua dirisha, ukamwambia bibi yako kwamba kitu hicho hakilali na mtu, wala hakisogezwi kwenye jiko la mkaa, kinatafutiwa ukuta unaopata jua, basi. Ulikuwa mdogo. Sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye duka.

Na duka likaja. Mzee Haruna alipoamua kurudi Kirando kupumzika, aliniita akasema angeniachia biashara mimi. Nikamwambia, Mzee, mimi niliyekutukana? Akasema, "Ndiyo wewe. Mji mzima umekuona na mtungi mgongoni siku tatu. Tangazo gani lingine nitafute?" Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye gesi, mwanangu. Wengine wameingia kwa mtaji, sisi tumeingia kwa fedheha.

(Hapa kuna mteja amekuja. Anataka mtungi mkubwa na anataka aletewe nyumbani na "yule binti wa baiskeli." Nimemwambia yupo leo tu. Ameniuliza kesho nani, nikajifanya natafuta ufunguo.)

Mwanzoni tuliuza mtungi mmoja mmoja, kwa watu wa ofisini, na wengine walikuwa wanaununua wanauweka sebuleni na kitambaa cha kufuma juu, wanapikia mkaa uani. Sasa angalia. Mkaa umekuwa wa kutafuta, serikali inahimiza nishati safi kwenye kila mkutano, shule zinapikia gesi, mama lishe wote wa stendi, parokia, hata wale waliokuwa wanasema ugali wa ulezi wa gesi hauna ladha sasa wanakuja na mitungi miwili. Nami nilidhani ni Sumbawanga tu tumeamka. Sikujua dunia nzima imeamka asubuhi ile ile na wote tunagombania chungu kimoja.

Hilo nililijua mwaka huu mvua zilipokuwa zinaisha, gesi ilipokatika. Lori halikuja. Wiki ikapita. Mama Editha, ambaye alichukua nafasi yangu pale barabarani kwenye chapati, akawa anakuja kila asubuhi na mtungi mtupu anaupiga kwa kijiko kama kengele ya kanisa. Wewe ukampigia dereva wa lori, akakuambia bohari za pwani zinasubiri meli, na akakutajia jina la meli. Ukaingia kwenye simu yako, ukatafuta, ukaniita.

"Mama, njoo uione gesi yako."

Nikaona ramani ya bahari imejaa mishale midogo ya rangi, kama siafu. Ukaniwekea kidole kwenye mmoja. "Huu hapa. Umetoka Uarabuni, unashuka." Nikakuuliza mshale huo ni mkubwa kiasi gani. Ukasema ukiisimamisha hiyo meli hapa Kizwite, pua iko dukani kwetu na mkia uko ng'ambo kule kwenye mashamba. Nikakaa chini.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia Mama Editha. Siku ya pili yake wakaja wanne. Siku iliyofuata tukaleta benchi. Watu wa uwanda wa juu, ambao bahari wameiona kwenye kalenda, wamekaa Kizwite wanasindikiza meli kwa macho. Hawaulizi tena "Gesi ipo?" Wanauliza, "Yetu imefika wapi leo?" Na wewe unawaambia, "Imeipita hiyo pembe hapo, sasa inakuja wima," wanaitikia kwa pamoja kama litania. Bando lako liliisha mara ngapi, hata usiniambie.

Bibi yako akaomba aonyeshwe. Akatazama bahari yote ile, akauliza ziwa letu liko wapi. Ukamwonyesha. Akasema, "Sasa kwa nini mwenye meli anazunguka? Mwambieni apite Kasanga, bandari ipo, maji yapo, kutoka pale ni hapa tu." Ukamweleza kwamba bahari na Ziwa Tanganyika havikutani. Akasema havikutani kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Kisha ile siku. Naiona kama jana. Benchi limejaa, umeshika simu, unaikuza ramani, unaipunguza, unaikuza tena. Mama Editha akasema, "Sema basi, binti." Ukasema, "Imegeuka."

"Imegeuka vipi?"

"Imegeuza pua. Inarudi juu."

Kelele zile! Mmoja akasema pengine imesahau kitu. Mwingine akasema upepo. Mama Editha akasimama akakuambia, "Iambie irudi!" kana kwamba ulikuwa umeifunga kamba. Ukampigia tena dereva wa lori, ukaweka sauti nje, na yeye akasema ndiyo, imeuzwa ikiwa njiani, kuna mnunuzi wa India amepandisha dau, tusubiri nyingine.

"Inauzwaje ikiwa safarini?" Mama Editha akauliza. "Hata mbuzi akishafungwa kamba humuuzi tena kwa mwingine! Na hao Wahindi wana haraka gani? Wanapika nini?"

Ukasema, "Chapati, Mama Editha."

Hapo akakaa. Akaupakata mtungi wake mtupu. Kisha akasema, "Chapati kweli?" Ukasema kweli, wengi wao kila siku. Akashusha pumzi. "Haya. Kama ni chapati, siwezi kusema kitu. Ila wasiunguze." Akachukua mtungi wake akaenda kutafuta kuni.

Watu wa benchi walicheka. Wewe hukucheka. Uliendelea kutazama ule mshale unavyokwenda zake. Jioni ile, tunamenya viazi, ukaanza kunieleza mambo yaliyo kwenye kichwa chako. Kwamba gesi hiyo haisafiri ikiwa gesi, inapoozwa ndani ya yale matangi ya meli mpaka inakuwa maji, ndipo inakaa sehemu ndogo na kuvuka. Kwamba ikifika bandarini kuna watu wanaipokea, mabomba, vipimo, kufungua na kufunga, na hakuna kukosea. Nikawa nafikiria kwamba baridi iliyonigombanisha na Mzee Haruna kumbe ndiyo nauli ya gesi. Na wewe ukasema, macho kwenye kiazi, "Mama, mimi nataka kwenda kusimama pale inapofikia." Nikakuambia weka chumvi.

Chumvi ulishaweka kwenye maji ya viazi. Nilijua.

Ukaomba. Chuo cha ufundi umemaliza, mabomba unayaunga kuliko waliokufundisha, wakakuita. Mwaka mzima wa kujifunza kazi kwenye bohari ya gesi, bandarini Tanga. Siku ujumbe ulipoingia ulinionyesha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Nikasema hongera. Nikasema hongera kwa sauti ile ninayomwambia mteja aliyenunua kwa jirani.

Tangu siku ile, Skola, nimekuwa na tabia mbaya na naijua. Nilikuwa naguna. Nikiinua mtungi na wewe uko karibu, naguna, nashika kiuno, nasema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ya kati, siyo kubwa ya kuonekana, ya kusikika tu. Jumatatu niliguna hivyo, bibi yako alikuwa mlangoni anachambua maharage, akasema, "Huo mdogo? Mbona huo ni mtupu, mwanangu? Unagunia nini?" Wewe ukatoka nje haraka. Niliona mabega yako yanavyotikisika. Nikabaki nimeushika mtungi mtupu juu, siwezi kuushusha, siwezi kuendelea kuguna.

Basi nikakaa nikamkumbuka baba yangu, babu yako ambaye hukumwona. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kulikuwa na nafasi ya kusomea ushonaji Mbeya, kwa masista, mwalimu wangu aliitafuta mwenyewe. Nikamwuliza baba kama ulivyoniuliza wewe jana. Baba hakukataa. Alisema, "Ni wewe tu, mwanangu. Uamuzi ni wako." Maneno mazuri, siyo? Kisha akaenda kukaa karibu na kihenge, akageuka ukutani, akakataa kula. Mchana hakula. Jioni hakula. Mama anapeleka, anarudisha. Kesho yake nikaenda nikamwambia, "Baba, nabaki." Akasema, "Umeamua mwenyewe?" Nikasema nimeamua mwenyewe. Akaomba ugali. Akala wa watu wawili, na mboga ya jana yake akaiulizia.

Simlaumu. Alikuwa anaogopa, na alikuwa hajui namna nyingine ya kuogopa. Na wala sitakuambia kwamba maisha yangu yaliharibika, kwa sababu ningeenda Mbeya nisingekutana na baba yako, na wewe usingekuwepo, na mimi katika kila kitu nilichowahi kuuza au kupika au kubeba, wewe ndiye niliyempata bila hasara. Nilikuzaa nikiwa na umri huo huo ulio nao leo. Watu wanatuona wanadhani dada na mdogo wake. Wakiniona asubuhi, wanadhani dada mkubwa sana.

Ila kuna kitu kimoja kilichoniuma, na siyo ushonaji. Ni lile neno "umeamua mwenyewe." Miaka yote, kila nilipochoka, kila nilipopuliza kuni zilizolowa, sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nimeamua mwenyewe! Baba alinipa uzito wote na akabaki na ugali wake. Na wiki hii nimejikuta mlangoni pa duka langu nafanya vile vile, tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi nakula.

Kwa hiyo sikuachii uamuzi. Uliniomba nikujibu mimi, nisikuzungushe, na wewe hujawahi kuniomba kitu cha kipuuzi.

Nenda.

Sisemi "kama unaona ni sawa," wala "sisi tutajitahidi tu." Nakuambia mimi mama yako, kwa akili zangu, nikiwa sijanuna: nenda Tanga ukajifunze hiyo kazi. Ukifika ikawa mbaya, ikawa siyo kama ulivyodhani, ukalia usiku, unilaumu mimi. Piga simu useme, "Mama, wewe ndiye uliyenituma." Nitapokea hiyo lawama, ni yangu. Ikiwa nzuri, ni yako wewe, sitaidai.

Duka litapungua, nisikudanganye. Sitaweza kupeleka mitungi mikubwa majumbani tena. Anayeutaka atakuja na baiskeli yake. Mama Editha nimeshamwambia leo asubuhi, amelalamika hadi koo likakauka, akanywa maji yangu, akaendelea. Wapo watakaohamia kwa wengine. Baba yako nimemwambia kwa simu, mtandao wa Mtowisa ulikuwa unakatika, nadhani alisikia nusu, lakini nusu aliyoisikia alisema sawa. Bibi yako ameanza kuvumisha kwa majirani kwamba unakwenda kuileta meli Kasanga. Mwache. Usimrekebishe usiku huu, ana furaha.

Mimi nimechoka, Skola, hilo nalo ni kweli, siyo kuguna. Kuna siku nafunga duka nasahau kama nimekula. Utakapoondoka nitachoka zaidi, na nitakukumbuka kwa hasira, asubuhi hasa, nikishika hiyo mitungi na baridi yake. Lakini kuchoka kwangu ni kwangu. Nilianza kukubeba kabla hujajua jina lako, sasa nisije nikakugeuza wewe uwe wa kunibeba mimi kabla hujajua kazi yako.

Nakujua utanipima alfajiri. Tutakuwa stendi, giza, wapiga debe wanapiga kelele, begi lako liko chini, na utanitazama usoni uone kama nilimaanisha. Uso wangu usiuamini. Saa hiyo mimi sitakuwa mtu wa kutegemewa. Naweza kukushika mkono wa sweta. Naweza kusema ngoja basi la kesho, naweza kusema bibi yako hajalala vizuri, naweza kusema kitu chochote, wanawake wa kwetu tunajua kutafuta maneno stendi.

Nikisema hivyo, usinijibu na usilie. Toa karatasi hizi mfukoni, uniwekee mkononi, uniambie, "Mama, soma ulichoandika." Nami nikiwa nimeinama natafuta mwanga wa kusomea, wewe panda basi.

Mama yako,
anayekutuma.